Gurudumu la Umm Salim

Nakuandikieni haya nikiwa bado nimekasirika, na sitongoja khasira zitulie, kwa sababu zikitulia nitakuandikieni mambo ya upole, na upole hautokufaeni kitu.

Mjukuu wangu Nasser na mkewe wamerudi juzi kutoka Botswana. Walikwenda kukodi gari, ya forwili, ile ambayo magurudumu yote manne yanavuta, na juu ya paa ina hema la kulala. Wakaendesha wenyewe porini, wakaona ndovu, wakaona simba, mashaallah. Picha wamenionesha mpaka macho yakaniuma. Mimi nikawauliza jambo moja tu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya mpaka mvi zikanitoka.

"Nani alikukabidhini gari?"

"Hakuna mtu, babu," Nasser akanijibu. "Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku. Namba ya kukifungulia walituletea kwenye simu. Maelekezo yote yamo kwenye vidio."

Vidio! Na walipokwama kwenye mchanga, maana walikwama, vidio iliwavuta? Akacheka. "Kuna mtu alituvuta." Mtu gani? "Mtu tu, babu. Wa hapo hapo."

Hapo ndipo nilipokibwaga kikombe mezani, chai ikamwagika. Mtu tu. Neno hili nililisikia Ibra, kule Oman, katika miaka ya themanini, na siku ile nusura nifukuzwe kazi.

Nyinyi mnaijua Ibra ya taa za barabarani. Sie tulikuwa na uwanja wa gari pembeni ya barabara iendayo Sur, ukuta wa matofali na kibanda cha mabati. Mwenyewe alikuwa Bwana Khalfan, Mmanga aliyezaliwa Tabora, mtu wa biashara toka kucha hadi kichwani. Wateja wetu walikuwa wageni wanaofanya kazi Maskati. Siku za Alhamisi wanakuja na gari zao ndogo, wanaziacha kwetu, wanachukua forwili na kuingia nayo mchanga wa jangwa la Wahiba, au wanateremka pwani mpaka Ras al Jinz kutazama kasa wakitaga. Wanaendesha wenyewe. Wakitoka kwetu hakuna wa kuwaongoza isipokuwa Mungu na yale niliyowaambia mimi.

Kazi yangu ilikuwa kukabidhi gari. Wengi walidhani kukabidhi ni kutoa ufunguo. Mie nilikuwa simpi mtu ufunguo mpaka akae kwenye mkeka, anywe kahawa, ale tende, anisikilize. Kisha namwambia afungue gurudumu moja na alirudishe, yeye na mkewe, mbele ya macho yangu. Mwengine ananiambia alishafungua magurudumu kwao Ulaya. Vizuri, namwambia, basi haitokuwa kazi. Halafu tunapunguza upepo mpaka tumbo la mpira linamwagika kidogo chini, kwa kuwa mpira uliojaa huchimba mchanga, na uliolegea hutambaa juu yake. Ingieni asubuhi, mchanga ungali baridi. Mkiteremka kilima msikanyage breki. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, ondoeni mguu hapo hapo, msiseme "nitaongeza kidogo". Hicho kidogo ndicho kinachozamisha gari mpaka tumboni.

La mwisho nililisema kwa kidole. Mkiona nyumba ya Bedui, msiiendee moja kwa moja. Simameni mbali, upande ambao upepo hautopeleka vumbi lenu kwenye chungu cha watu. Zimeni gari, shukeni, toeni salamu, ngojeni. Mama mwenye nyumba yumo ndani anavaa barakoa yake. Akiwa tayari atakuiteni mwenyewe. Na akikuiteni msikatae kahawa.

Wengi walifuata. Wasiofuata, nikiwakumbuka mpaka leo roho inanichoma. Kuna mmoja aliegesha juu ya mkeka wa tende zinazoanikwa, akashuka na kamera. Tende za watu! Chakula cha mwaka! Akarudi kwetu kulalamika kuwa wenyeji walikuwa wakali.

Bwana Khalfan hakupenda mkeka wangu. "Mbarak," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha bara, "wewe unakodisha gari au unafundisha chuo? Kastoma anataka spidi. Nyie Waunguja mnaongea mpaka gari inaota kutu."

"Gari itaota kutu ikikwama mchangani inangoja wa kuitoa," namjibu.

Msinione namsema vibaya. Alinipa kazi wakati Kiarabu changu kilikuwa kinachekesha watoto sokoni. Lakini alikuwa anadhani gari inarudi kwa sababu ni yake.

Nilivyojua mimi mchanga, sikujuzwa na yeye. Nilipofika Oman, mwanzo wa miaka ya sabini, nilikuwa fundi wa Darajani, mchanga naujua wa pwani tu. Kwetu Unguja, dereva akitaka kupita ufukweni hupita karibu na maji, kwa sababu mchanga uliorowa ni mgumu. Basi mara yangu ya kwanza kukwama, ng'ambo ya mji wa Bidiya, nilifanya lile ambalo Muunguja peke yake angelifanya. Nikachukua dumu la maji ya kunywa nikaumwagia mchanga mbele ya magurudumu. Lote! Nikawasha gari. Maji yalikuwa yashapotea, na gari ikazama zaidi.

Nimekaa kwenye kivuli cha gari, midomo imenikauka, inakuja pikapu inapanda na kushuka vilima kama haina haraka. Natafuta dereva, simuoni mwanamume. Ameshika usukani mama wa Kibedui, barakoa usoni, nyuma amepakia pipa la maji na mbuzi wawili. Akashuka. Akatazama dumu tupu, akatazama paliporowa.

"Ya Zinjibari," akaniambia, maana salamu yangu tu ilishamwambia natoka Unguja, "mchanga ulikwambia una kiu?"

Huyo ndiye Umm Salim. Hakuigusa gari yangu kwanza. Alinipa maji, akasubiri ninywe, akaniuliza mimi mtoto wa nani, natoka wapi, na nani ananingoja nyumbani. Alipojua kuna mtu ananingoja, ndipo alipochukua kijiti akatoa upepo katika mipira, akapanda, akaitoa gari yangu huku mimi nimesimama pembeni. Tangu siku ile kila nikipita Bidiya nilikuwa nakwenda kumwamkia, na yote niliyowaambia wateja kwenye mkeka ni yake.

Maskati walikuwa wakicheka wakisikia wanawake wa Kibedui wanaendesha pikapu. Wacheke. Yule mama alikuwa mjane, na pikapu yake ndiyo iliyokuwa ikileta maji kutoka kisimani, ya nyumba yake, ya nyumba ya mamake, na ya mifugo. Isipokwenda pikapu, hakuna maji. Mlishike hili, kwa sababu yanayofuata yote yamesimama hapo.

Na kitu kimoja zaidi. Ringi za magurudumu yake alizichora kwa rangi nyekundu alama ya ngamia wa ukoo wao, ile wanayowachoma shingoni: mistari miwili na duara. Kwa banchari wa Bidiya, fundi wa pancha, magurudumu ya watu yalikuwa yakichanganyika, na yeye hakutaka chake kipotee wala cha mtu kije kwake.

Sasa nakuja kwa Mista Alan. Huyu hakuwa fedhuli, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Alikuwa mteja mwema. Alijifunza kutoa salamu, alikunywa kahawa finjani tatu, alifungua gurudumu na kulirudisha bila ya kunung'unika. Alikuwa na mkewe na kibinti chao kidogo, ananyonya kidole. Niliwakabidhi gari Alhamisi asubuhi, na mchana ule ule nikaletewa khabari ya msiba: ami yangu kafariki Nizwa. Nikaenda kwenye matanga, nikakaa huko wiki nzima.

Niliporudi Ibra ilikuwa Alhamisi nyengine, jua linawaka kwelikweli, ndiyo kaidhi inaanza, joto la kuivisha tende. Uwanjani nakuta mtu na mkewe wamesimama, wanangojea gari ya kwendea Sur. Bwana Khalfan ananiambia nichukue ile aliyorudisha Mista Alan, haikutoka tangu Ijumaa. "Iko poa," akasema. "Alirudisha mbio mbio, akachukua kigari chake, akaondoka."

"Ulimuuliza safari yake ilikuwaje?"

"Nimuulize ya nini? Gari si hii?"

Nikaizunguka gari kama kawaida yangu. Nyuma, ndani ya gari, gurudumu letu moja limechanika vibaya. Jengine letu halipo kabisa. Na mbele, upande wa kushoto, katikati ya ringi, mistari miwili na duara, nyekundu.

Nikachutama pale chini. Umm Salim hakuwa na gurudumu la akiba mwezi ule. Lilikuwa kwa banchari, linangojea mpira mpya kutoka Maskati. Nililipeleka mimi mwenyewe. Kwa hivyo hili halikutoka nyuma ya pikapu yake. Limetoka chini yake. Yule mama amefungua gurudumu la gari anayoiendesha akampa mgeni, na tangu Ijumaa ile pikapu ya maji imekaa kwenye mchanga haina mguu. Wiki nzima! Na hakuna aliyekuja kwetu kuuliza, kwa sababu watu wale kitu walichompa mgeni hawakifuati nyuma.

Nikaingia kibandani nikampigia simu Mista Alan nyumbani kwake. Akafurahi kunisikia.

"Ndiyo, ndiyo, tulipata pancha mbili," akasema. "Kuna mtu akatupa gurudumu. Mkarimu sana."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Bedui mmoja. Mwanamke. Sikumuuliza jina. Nilidhani ni wa kwenu, Mbarak. Nilidhani imo katika huduma yenu."

Imo katika huduma! Yaani tumewapanga mabedui kule mchangani, mmoja kila kilima, wanangoja wateja wetu wapate pancha! Nilikata simu kabla sijasema la kujutia.

Nikatoka, nikatia jeki, nikalifungua gurudumu, nikaikalisha gari juu ya mawe mbele ya wateja wa Sur. Bwana Khalfan akaja anakimbia.

"Unafanya nini wewe?"

"Gurudumu hili lina mwenyewe."

"Si alimpa kastoma? Basi limeshakuwa letu, na ni zuri kuliko ya kwetu. Rudisha, watu wanasubiri!"

Nikalilaza chini nikalikalia. Naam, nimelikalia, mtu mzima na mvi zangu. Wale wateja wakawa wanatutazama kama sinema.

"Mbarak, ondoka hapo juu."

"Siondoki."

"Nakwambia ondoka, hii biashara yangu!"

"Biashara yako? Gari zako zikizama kule anazitoa nani? Wewe ulishaitoa hata moja? Wanatoa wao, na maji wanawapa watu wako, na kahawa, na leo wamewapa hata mguu wa gari yao. Sasa gari yao imekaa juu ya mawe na yetu imekaa juu ya mawe, ziko sawasawa. Waambie wageni wanywe kahawa, mkeka upo."

"Ukitoka na hilo gurudumu, usirudi hapa."

"Inshaallah," nikamwambia. Nikalitia kwenye buti ya gari yangu mwenyewe nikenda zangu Bidiya. Nilikuwa na watoto wa kulisha. Njia nzima nilikuwa nagombana na Bwana Khalfan peke yangu, kwa sauti.

Kutoka Bidiya nilichukuliwa na Hamad, shemeji yake Umm Salim, ambaye ndiye aliyekuwa akimpelekea maji siku zile kila alipopata nafasi. Njiani akanambia mbuzi wamehamishiwa kwa jamaa, kwa kuwa maji hayakutosha watu na wanyama, na mbuzi wadogo kadhaa wameshakufa. Alilisema kama anayenipa khabari za hali ya hewa.

Tulisimama mbali, tukangoja, tukaitwa. Pikapu ilikuwa imeinamia upande, chini yake pamewekwa vigogo vya mtende. Umm Salim alikuwa kivulini anasuka mkanda wa ngamia. Nikamwamkia, nikabiringisha gurudumu mpaka mbele yake, na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga kwa Kiarabu changu kizuri kabisa. Hakulitazama.

"Mgeni kafika?" akaniuliza.

"Kafika."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Akaacha kusuka. "Binti yao, ya Mbarak! Alikuwa anawaka homa. Hata maji hayakai tumboni, na mamake analia. Kwani ningefungua gurudumu kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kwenda kutembea? Huyo angengoja Hamad arudi. Nilifungua kwa ajili ya mtoto. Kapoa?"

Nilizungumza na baba mtu asubuhi ile ile na hakunitajia. Homa ya mtoto ilimtoka akilini, na aliyemvusha akamtoka vilevile.

"Sijui," nikamwambia.

"Hujui?" Wiki nzima yule mama amekaa bila ya gari, mbuzi wanamfia, na khasira zake zote zikanijia mimi kwa hili moja. "Umekuja kote huku na gurudumu, na khabari ya mtoto hukuja nayo?"

Nikalifunga gurudumu kwa mkono wangu, yeye anatazama upande wa kisima, anahisabu kimoyomoyo safari za maji zinazomngoja. Kahawa alinipa. Hakunicheka siku ile.

Nilirudi Ibra jioni. Bwana Khalfan alikuwa kibandani. Wateja wa Sur amewapa gari nyengine. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Hakunifukuza, kwa sababu hakuna mwengine ambaye angekubali kuingia mchangani kuzifuata gari zake, lakini alininunia mpaka mwezi ukaandama. Nikachukua simu mbele yake.

"Mista Alan, mama mwenye gurudumu anauliza, mtoto kapoa?"

Akanitaka niyarudie maneno, nikayarudia.

"Ameuliza hivyo?" akasema mwisho.

"Hajauliza jengine."

"Kapoa. Mwambie kapoa, Mbarak. Mwambie..."

"Simwambii. Nenda ukamwambie mwenyewe. Alhamisi gari yako itakuwa tayari."

Mtu mwenye mtoto mgonjwa mimi namsamehe siku ya kwanza, na ya pili, akisahau hata jina lake. Wiki nzima simsamehi, na nilimwambia hivyo usoni alipokuja. Maana alikuja, na mkewe, na kibinti kinanyonya kidole. Nikawakalisha kwenye mkeka, nikamfungulisha magurudumu yote manne na kuyarudisha, na Bwana Khalfan hakusema habari za spidi. Kisha nikenda nao mwenyewe. Mista Alan alisimamisha gari mbali na nyumba, upande ule niliowaambia, akazima, akashuka, akangoja juani amembeba mtoto. Umm Salim alipotoka hakumtazama yeye wala mkewe, aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Sasa rudini kwa Nasser. Amekaa mbele yangu, chai yangu imemwagika, na mkewe, ambaye ana mimba changa, anapangusa meza. Nikamuuliza yule mtu wa Botswana alikuwa nani. Hajui. Alikuwa na gari? Alikuwa na trekta, babu. Alikuulizeni nini? Hapo mkewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikuwa natapika, babu. Akaniuliza kama nina mtoto tumboni. Akatukataza tusiondoke mpaka jua lipungue, akatutilia kivuli. Akasema twende polepole, tukifika tu tujue Mungu ametusitiri."

"Na yeye anajua kuwa mmefika?"

Nasser akaangalia simu yake mkononi, ile ile iliyompa namba ya kisanduku, iliyomuonesha vidio, iliyobeba simba na ndovu wote wale.

"Hiyo hiyo," nikamwambia. "Wapigie waliokukodisha gari, waulize mwenye trekta ni nani. Mimi nakungoja hapa hapa."